Profesa Moriarty alikufa kweli pale Reichenbach? Mimi namshuku mtu wake mwenyewe

Mwana_Tandika

Wakuu, habari za jioni. Mvua imenifungia ndani tangu saa nane mchana, Jangwani nasikia maji yamejaa, basi nimeona leo nitoe dukuduku nililokaa nalo muda mrefu, la kifo cha Profesa Moriarty, adui wa yule mpelelezi wa vitabuni, Sherlock Holmes. Uzi ni mrefu, mwenye haraka zake apite tu, hatugombani.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuna sheria moja ambayo hakuna mwalimu aliyetufundisha. Unalipa shilingi hamsini, mnabanana kwenye benchi la mbao, mlangoni pameninginizwa blanketi jeusi, TV chogo imepandishwa juu ya makreti ya soda, na mtafsiri anamwaga maneno ambayo nusu yake hata kwenye picha hayamo. Adui akidondoka kutoka ghorofani, sisi watoto tunaanza kunyanyuka twende zetu. Yule mzee anayekusanya hela kwenye kopo la maziwa anafoka: "Kaeni chini! Maiti mmeiona?" Hatujaiona. Tunakaa. Kweli bwana, dakika tano mbele mkono unachomoza kwenye kifusi.

Sasa mwaka jana pale Posta, kwenye vitabu vya mtumba vinavyotandazwa chini, niliokota mkusanyiko wa visa vya Sherlock Holmes, hauna hata jalada. Nikafika kwenye kisa ambacho mimi nitakiita "Tatizo la Mwisho". Arthur Conan Doyle alikitoa Desemba 1893 kwenye jarida la The Strand. Nilipomaliza nikamsikia yule mzee wa kopo: maiti umeiona?

Kwa ambao hawajasoma, Profesa Moriarty ni mtu wa hesabu. Akiwa na miaka 21 aliandika kitabu cha hesabu kilichosomwa Ulaya nzima, akapewa kiti chuo kikuu. Pembeni ya ualimu ndiye aliyekuwa anapanga nusu ya uovu wa London. Yeye mwenyewe hashiki kisu wala haingii dirishani. Anapanga, wengine wanatenda, na mtendaji akikamatwa hela ya wakili inapatikana. Mshahara wake ni pauni 700 kwa mwaka, lakini ofisini ametundika picha ya mchoraji Greuze, na picha moja ya huyo Greuze iliwahi kuuzwa faranga milioni 1.2. Holmes alipoiona ile picha ukutani hakuhitaji ushahidi mwingine. Hata huku kwetu mtu akijenga ghorofa kwa mshahara wa ukarani, mtaa mzima unajua.

Aprili 1891 Holmes amekaribia kulinasa genge zima. Moriarty anamfuata nyumbani kwake, Baker Street, anamsomea makosa yake kama mwenye nyumba anayesoma deni la kodi: tarehe 4 Januari ulinipita njiani, tarehe 23 ukanisumbua, mpaka mwisho wa Machi umenibana kabisa, acha. Holmes hakuacha. Akakimbia na rafiki yake Dk. Watson, ndiye anayetusimulia visa, mpaka Uswisi huku polisi London wakisomba genge. Wakapata habari kwamba wote wamekamatwa, isipokuwa Profesa mwenyewe.

Tarehe 4 Mei wako kwenye maporomoko ya Reichenbach, karibu na Meiringen. Anakuja kijana wa Kiswisi na barua ya mwenye hoteli: kuna mama wa Kiingereza anakufa kwa kifua, anaomba daktari wa kwao. Watson anashuka. Hotelini hakuna mgonjwa wala nini. Anapanda tena mbio, jumla ya saa tatu zimepita, anakuta fimbo ya Holmes imeegemea mwamba, kasha la sigara la fedha, na chini yake barua. Nyayo za watu wawili zinaelekea ukingoni. Zinazorudi hakuna. Mwisho wa njia udongo umevurugika, majani yamechanika, na chini ni maji yanayonguruma. Wakasema kutafuta miili ni kujisumbua.

Haya. Mwaka 1903 mwandishi akamrudisha Holmes kwenye "Nyumba Tupu", akasema alimtupa Moriarty kwa mbinu za mieleka ya Kijapani, akaparamia jabali, akapotea miaka mitatu. Kwa hiyo miili miwili iliyosemekana imo majini, mmoja haukuwemo. Sasa huo wa pili tunauamini kwa neno la nani?

Watu wana nadharia zao. Ya kwanza inasema Moriarty hakuwepo kabisa, Holmes alimtunga, si unajua mambo yake ya kokeini. Inavutia, kwa sababu Watson alimwona Moriarty mara mbili tu na zote kwa mbali: mtu mrefu anayesukumana na umati stesheni ya Victoria treni ikiondoka, na kivuli cheusi kinachopanda mlima haraka. Lakini kwenye "Bonde la Hofu", kitabu kingine cha Holmes, Inspekta MacDonald anasema alikwenda kwa Moriarty akafundishwa kupatwa kwa jua kwa taa na tufe, na wakati wa kuagana Profesa akamwekea mkono begani kama baba anayembariki mwanawe. Mtu wa kutunga habariki askari polisi. Nadharia imekufa.

Ya pili inasema aliyezama ni Holmes, na aliyerudi London 1894 ni Moriarty aliyevaa sura yake. Hii niacheni. Mama Hudson anayempikia chai angemjua kwa kukohoa tu.

Ya tatu ni ya kaka. Kwenye "Tatizo la Mwisho" kuna Kanali James Moriarty anayeandika magazetini kumtetea marehemu ndugu yake. Kwenye "Nyumba Tupu" Profesa naye anaitwa James. Kuna na mdogo wao mkuu wa stesheni ya reli, huyo hatukupewa jina, lakini nahisi na yeye ni James, mama yao alikuwa na jina moja la dukani. Basi watu wanasema aliyedondoka ni James mwingine. Mimi nacheka tu.

Yangu ni hii: Moriarty alikufa. Kabisa. Na aliyemwacha afe ni mtu wake wa karibu, Kanali Sebastian Moran.

Moran ni mwanajeshi wa zamani wa India, mwindaji wa chui milia, aliwahi kutambaa ndani ya mtaro kumfuata mnyama mla watu aliyejeruhiwa. Moriarty alikuwa anamlipa pauni 6,000 kwa mwaka, zaidi ya Waziri Mkuu. Siku ile yupo palepale mlimani, kazi yake kumlinda bosi. Anamwona bosi anakabana na adui kwenye ukingo, anamwona anakwenda chini. Hakufanya kitu. Alipoanza kumrushia Holmes mawe kutoka juu ya jabali, bosi alishakwisha zamani.

Nani ananiunga mkono?

Kashata_na_Kahawa

Nimeweka kigoda mbele kabisa. Wanaosema uzi mrefu wapishe njia.

Dogo_wa_Sinza

Mkuu umetisha, ila umeruka jambo. Kitabu kinasema Moran alikuwa mbali. Aliona kwa mbali, akasubiri, kisha akazunguka mpaka juu ya jabali. Sasa mtu wa mbali ungetaka afanye nini, apulize filimbi?

Mwana_Tandika

Dogo, nilikuwa naisubiri hiyo. Mbali ndiyo kazi ya mwindaji! Mtu huyu miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Machi 1894, alimpiga kijana Ronald Adair akiwa ndani ya chumba chake ghorofani, kupitia dirishani, risasi moja, kwa bunduki ya upepo. Halafu Reichenbach mtu amesimama kwenye njia nyembamba mchana, nyuma jabali, mbele shimo, hana pa kukimbilia, na ameshinda pale saa nzima peke yake. Moran hana hata bastola?

Usiniambie aliogopa mlio. Pale maji yananguruma, ukipiga bunduki ya kawaida jirani yako hasikii.

Dogo_wa_Sinza

Labda Profesa alimkataza. Alitaka ammalize kwa mkono wake. Kitabu kinasema hakutoa silaha, alimrukia tu na mikono yake mirefu.

Mwana_Tandika

Sawa, hapo nakupa. Na ameshampa Holmes muda wa kuandika barua ya kumuaga Watson, kurasa tatu. Mwaka gani kibandani umeona adui anamsubiri stelingi amalize kuandika? Huyo ni mtu aliyechoka, genge limekwisha, amekuja kufa na mwenzake. Lakini amri ya bosi ya kutopiga inaishia bosi anapodondoka. Baada ya hapo Holmes bado amesimama njiani, mzima. Mbona hakupigwa?

Binti_Magomeni

Kaka, mimi nakubali yote isipokuwa mawe. Alirusha mawe matatu na yote yakakaribia. La kwanza lilipiga njia likatumbukia shimoni. La pili lilitua karibu na kichwa, haikufika hata futi moja. La tatu lilipita Holmes akiwa ananing'inia kwa mikono. Huyo alitaka kuua, usimsafishe. Ukisema alikuwa anamtisha tu nitacheka.

Mwana_Tandika

Simsafishi dada yangu, nasema alichelewa makusudi. Kumuua Holmes alitaka, ila alitaka Moriarty atangulie.

Kuhusu mawe, nikwambie kitu cha aibu. Jirani yetu Tabata ana ghorofa halijaisha, nguzo na sakafu tu. Jumapili mimi na mtoto wa dada yangu tulipanda mpaka sakafu ya tatu na kiroba cha vifuu vya nazi. Chini tukaweka ndoo ya rangi iliyokwisha, pembeni yake gunia la maranda lililolala kama mtu. Vifuu kumi. Sisi wawili hatujawahi kuwinda hata kanga. Vinne vilipiga gunia, kimoja kiliingia ndani ya ndoo kikalia ng'aa, mlinzi akaja na rungu anauliza tunamrushia nani. Nikamwambia tunamtafuta Kanali. Alituangalia kwa huruma kweli.

Maana yangu ni kwamba kumkosa mtu aliyelala kwenye kibaraza cha majani, wewe uko juu yake moja kwa moja, si rahisi. Mwindaji wa chui milia akose mara tatu?

Kashata_na_Kahawa

Mkuu vifuu vya nazi! Nimemwaga kahawa. Sasa wewe hujui kwamba giza lilikuwa linaingia? Holmes aliona kichwa cha mtu kwenye anga linalofifia. Nyie mlirusha saa ngapi?

Mwana_Tandika

Saa nne asubuhi. Nimeshindwa hapo, endelea kunywa.

Mwl_Mstaafu

Wanangu, nimekaa nawasoma. Mnatafuta muuaji mlimani wakati muuaji ameshika kalamu. Conan Doyle alikuwa amemchoka Holmes, alitaka kuandika riwaya zake za historia ambazo ndizo alizoziona kazi ya maana. Mwaka 1893 alikuwa Uswisi akayaona maporomoko yale. Akahitaji adui wa kutosha kumzika Holmes, akamtunga Moriarty kwa kazi hiyo moja. Ndiyo maana kabla ya kisa kile jina lake halisikiki popote. Miaka kumi baadaye wasomaji na wachapishaji wakamshinda, akamfufua Holmes, na hapo akabaki na tundu za kuziba. Moran ni kiraka. Amewekwa juu ya jabali kwa sababu mwandishi alihitaji sababu ya Holmes kujificha miaka mitatu.

Mwana_Tandika

Shikamoo mwalimu. Nakubali ni kiraka, lakini kiraka nacho kina mshono, na mshono ndio tunaoufuata.

Mwl_Mstaafu

Marahaba. Fuateni. Nawakumbusha tu kwamba "Bonde la Hofu" lilianza kuchapishwa 1914 na kuendelea 1915, ila matukio yake ni ya kabla ya Reichenbach. Humo Watson anamjua Moriarty vizuri. Halafu kwenye "Tatizo la Mwisho" Holmes anamuuliza: umewahi kumsikia Profesa Moriarty? Anajibu: kamwe. Shahidi wenu mkuu huyo.

Wakili_wa_Kinondoni

Mwalimu amegusa penyewe. Mimi Watson nisingempandisha kizimbani. Kwanza hakuwepo tukio likitokea. Pili kauli zake zinapingana. Angalau Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za mzee wetu Muhammed Said Abdulla, na kiko chake kile, akitembea na rafiki yake Najum basi Najum anaona kwa macho yake mengi ya yanayotendeka. Watson siku ya kazi alikuwa anashuka mlima kumtibu mgonjwa ambaye hayupo.

Tukimtoa Watson, tunabaki na Holmes, ambaye ana maslahi, na Moran, ambaye hakuhojiwa jambo lile hata mara moja. Kwa hiyo hoja ya mwenye uzi haina ushahidi, ila na hoja ya upande wa pili haina. Swali langu kwako Mwana_Tandika ni la kiwakili: nia. Moran alipata nini? Ukisema alirithi genge, genge lilikuwa jela. Na 1894 tunamkuta anaishi kwa wizi wa karata kwenye klabu. Mtu aliyerithi himaya haibi karata.

Mwana_Tandika

Wakili, umenilaza macho. Hilo swali lako nimelisoma jana usiku nikarudi kitabuni mpaka umeme ukakatika, nikamalizia na tochi ya simu.

Nafuta neno urithi, ingawa sikuliandika nilikuwa nalo kichwani. Soma anachosema Holmes kwenye "Nyumba Tupu": Moran alifichwa kwa ustadi kiasi kwamba hata genge lilipovunjwa, hawakuweza kumtia hatiani. Sasa jiulize, ni nani alikuwa anajua kila kazi aliyoifanya Moran, kwa tarehe na kwa malipo? Mmoja. Profesa. Na huyo Profesa sasa anatafutwa na polisi, genge lake limesombwa, hana hela ya wakili tena. Akikamatwa hai, akasimama mbele ya jaji, akaona kitanzi, atamlinda nani?

Hapo ndipo lilipo. Moran alihitaji Moriarty anyamaze, na maporomoko yale yananyamazisha vizuri kuliko risasi. Jumla yake mita 250, hakuna mwili, hakuna mahakama, hakuna swali.

Na tazama kilichofuata. Moran anajua Holmes yuko hai, amemwona kwa macho yake akiruka njiani akivuja damu na kutokomea gizani. Akanyamaza miaka mitatu. Watson anachapisha London nzima kwamba rafiki yake amekufa, Moran anasoma gazeti, anakunja, anaendelea na karata. Na Holmes naye, anayejua Moran yupo na ni nani, hakumwambia mtu ila kaka yake Mycroft. Maadui wawili wameshika siri moja, kila mmoja kwa faida yake. Moran akisema Holmes yu hai, ataulizwa: wewe ulikuwa unafanya nini kule?

Binti_Magomeni

Hapo kwenye gazeti umenikamata. Nilikuwa sikubali, sasa nakubali nusu.

Nusu inayobaki ni hii. Kama Moran alikuwa mwoga wa ushahidi hivyo, kwa nini 1894 amuue Adair kwa bunduki ileile ya upepo, kazi ya fundi kipofu wa Kijerumani, ambayo iko moja tu? Huyo si mtu wa hesabu za mbali. Ni mcheza kamari tu aliyetishiwa kuumbuliwa. Wewe unampa akili ya Moriarty.

Mwana_Tandika

Au Moriarty ndiye aliyekuwa anamkataza upuuzi wa namna hiyo, na alipoondoka hakukuwa na wa kumkataza. Lakini umesema vizuri, naona hapo napungukiwa.

Dogo_wa_Sinza

Mimi bado naamini Profesa yuko hai, anauza mahindi ya kuchoma Uswisi.

Wakili_wa_Kinondoni

Nia nimeikubali. Nafasi ya kutenda nimeikubali. Kinachokosekana ni shahidi wa tatu, ndiyo maana kesi hii haitaisha.

Bi_Mkubwa_Ilala

Samahani wanangu, mimi si mwandikaji, ni msomaji tu, nimeanza jana usiku nimemaliza sasa hivi sambusa zimeungua. Mnasema hakuna shahidi wa tatu. Na yule kijana wa Kiswisi aliyeleta barua? Watson alipoteremka alimwacha wapi? Si alimwacha palepale juu na Holmes, awe mwenzake njiani? Na baadaye kitabu kinasema hakuonekana tena.

Mnaulizana kuhusu maprofesa na makanali siku mbili, mtoto wa watu hakuna aliyemuulizia.

Kashata_na_Kahawa

Duh.

Wakili_wa_Kinondoni

Shikamoo mama. Nimekaa chini.

Mwana_Tandika

Shikamoo mama. Ni kweli, alimwacha naye. Nimefungua ukurasa sasa hivi, upo. Watson anasema tu kwamba bila shaka alikuwa mmoja wa vijana wa Moriarty, na "Nyumba Tupu" haimtaji tena. Nimekisoma mara nne na nikamruka mara nne.

Nipeni mpaka Jumamosi.